Wapenzi wa vibonzo vya upanga tukutane hapa: Berserk, Claymore na michoro inayokufanya usimame ukurasa mmoja dakika kumi

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuwaza muda mrefu na leo nimeona nisilale nao tena. Kila mada ya manga ikiibuka inaishia palepale, nani ana nguvu kuliko nani, fulani akikutana na fulani nani anakufa, watu wanakesha wanabishana kurasa na kurasa na hakuna hata mmoja anayeongelea mkono uliochora ile kitu. Mimi naomba leo tuongelee mkono. Kuna binadamu alikaa na kalamu na wino akachora upanga mpaka wewe uliyekaa kwenye siti ya nyuma ya daladala unausikia uzito wake begani, hiyo kwangu ndo habari. Kwa mgeni wa haya mambo, manga ni vibonzo vya Kijapani, haihusiani na ile Manga ya wazee wetu wa pwani iliyotupa pilipili manga.

Mara ya kwanza nasoma Berserk ya Kentaro Miura nilikuwa na simu iliyopasuka kioo kwenye kona, nimeunga bando la usiku, dole gumba linakimbia tu naskroli, juzuu tatu nikazimaliza kabla ya saa nane usiku na asubuhi mtu angeniuliza umesoma nini ningemjibu kuna jamaa ana upanga mkubwa anaua mazimwi. Basi. Nikaiacha karibu mwaka mzima. Alafu binamu yangu akaja likizo na lile toleo la jalada gumu jeusi, lile la Deluxe linalounganisha juzuu tatu kwenye kitabu kimoja, zito kiasi kwamba ukilala chali ukaliweka kifuani unahema kwa shida. Nikafungua katikati nichungulie tu. Chai ikapoa mezani.

Kwenye simu nilikuwa naona nguo nyeusi. Kwenye karatasi kumbe ile nyeusi sio nyeusi, ni mistari, mistari myembamba inapishana juu ya mingine juu ya mingine tena mpaka giza linajijenga lenyewe, na ukisogeza jicho unaona joho limechanika wapi, deraya, lile vazi la chuma la vita, imebonyea wapi, ngozi ya mkanda imechoka wapi. Nikarudi nyuma kwenye zile sura nilizozipitia mbio. Nikagundua Miura akitaka kuonyesha pigo la upanga hakimbilii kukuchorea pigo lenyewe. Anakupa kwanza mguu. Mguu wa mbele umekanyagwa mpaka udongo umeruka, kiuno kimezunguka, mgongo umejikunja, upanga wenyewe uko nyuma kabisa na mara nyingine ncha yake imetoka nje ya fremu kwa sababu haikutosha humo. Ukifungua ukurasa unaofuata kazi imeshaisha, vitu viko hewani vipande vipande na hewa yote imelala upande mmoja kama majani ya mnazi kwenye upepo wa kusi. Katikati ya hizo fremu mbili ndipo upanga ulipopita na umepita kichwani kwako wewe msomaji, ndo maana ukikimbiza kurasa hupati kitu, unakuwa umeuruka.

Sasa habari ya mtu mwenyewe. Shujaa anaitwa Guts, mamluki, alizaliwa na maiti ya mama yake aliyenyongwa akaning'inia mtini, mtoto kaokotwa chini ya mti kwenye tope. Ana jicho moja, mkono wa kushoto ni wa chuma na ndani yake kuna mzinga mdogo, shingoni ana alama ya kafara inayotoka damu mazimwi yakikaribia. Ukianza juzuu ya kwanza unamuona katili tu, humpendi, mimi sikumpenda. Alafu hadithi inarudi nyuma miaka kadhaa, Guts ni kijana, yuko na Kundi la Mwewe chini ya Griffith, mzuri wa sura, mpole wa maneno, ana ndoto ya kuwa na ufalme wake na watu wako tayari kufa kwa ajili ya ile ndoto. Hapo ndipo Miura anakushika mkono na hakuachii tena, maana unaanza kuwapenda wale watu mmoja mmoja, na huku unajua kabisa kwamba yule Guts wa juzuu ya kwanza yuko peke yake. Kwa hiyo wengine wako wapi?

Huku kwetu neno kafara halihitaji maelezo, kila mtu kakua anasikia habari za tajiri aliyemtoa ndugu yake. Nikiishia hapo anayejua kajua, asiyejua asome.

Karibuni wakuu, kila mtu alete kibonzo chake cha upanga na aseme ukurasa gani ulimsimamisha.

#2

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha ndo ugali wangu, kwa hiyo ule upanga wa Guts, Dragonslayer, nauangalia kama mtu wa chuma. Nimekaa nikapiga hesabu. Saizi yake inabadilika badilika kwenye michoro ila kwa kukadiria kwa jicho weka urefu mita 2, upana sentimita 30, unene sentimita 4, hiyo ni lita 24 za chuma, na lita moja ya chuma ni kama kilo 7.85, unapata kilo 188. Tuseme umeuchonga makali huku na huku ukaondoa hata nusu nzima, bado umebaki na kilo 94, ni kama kumpa mtu mifuko miwili ya saruji aizungushe. Panga za kweli za mikono miwili za Ulaya zilikuwa kilo 2 hadi 3 tu.

Kwa hiyo haiwezekani, sawa, lakini mimi ninachompendea Miura ni kwamba yeye anajua haiwezekani na anachora kama mtu anayeulipia ule uzito. Angalia Guts hasimami wima kama askari wa gwaride. Hata ukimuona kakaa tu, upanga umeegemea bega, bega limeshuka upande mmoja. Akiupiga, mwili mzima unafuata, yaani upanga ndo unamvuta yeye. Mimi na kijana wangu tukinyanyua geti la pleti kabla hata halijatoka chini miguu imeshatafuta pa kukaa, mwili wenyewe unajua, hauambiwi. Yule mchoraji alikuwa anaangalia watu wanavyobeba vitu vizito, huwezi kuniambia vinginevyo.

Na mhunzi aliyeufua, mzee Godo, aliambiwa atengeneze upanga wa kuua joka akatengeneza kweli wa kuua joka, sasa hakuna binadamu wa kuushika ukawekwa stoo. Hiyo sehemu nimeisoma mara nyingi sana. Kila fundi anajua ile kazi uliyoifanya kwa moyo wote na mteja hakuitaka.

#3

Jamani na sisi dada zenu tupo humu, msituongelee misuli peke yake. Mimi naleta Claymore ya Norihiro Yagi. Ilianza 2001 ikaisha 2014, juzuu 27, imeisha kabisa, haikuachi njiani.

Kuna mazimwi yanaitwa yoma, yanajigeuza yanavaa sura ya binadamu hata ya ndugu yako wa ndani. Kuna jumuiya inachukua wasichana, inawapandikizia nyama na damu ya yoma, wanakuwa nusu watu nusu zimwi, macho ya fedha, nywele zinapauka, na ndo hao wanaotumwa kuyaua. Watu wanawaita Claymore kwa sababu ya zile panga kubwa mgongoni. Wako 47, kila mmoja na namba yake kwa nguvu, na shujaa wetu Clare ni namba 47. Wa mwisho kabisa.

Nilichokipenda ni hivi, wanawake wote wale, wapiganaji watupu, na hakuna anayechorwa kama pambo. Mwanzoni ukisoma utasema sura zinafanana, na kweli zinafanana, unawatofautisha kwa nywele. Alafu taratibu unaanza kuwajua kwa namna wanavyosimama. Miria anasimama kama mtu anayehesabu milango ya kutokea. Helen kalegea hata vita ikiwa mlangoni. Teresa, namba 1 wa zamani, yeye hata upanga hautoi haraka, ana kile kitabasamu chembamba ndo maana wakamwita Teresa wa Tabasamu.

Sasa ukurasa ulionisimamisha. Mpiganaji akitumia nguvu ya zimwi kupita kiasi anafika mahali harudi tena, anageuka zimwi kamili. Kwa hiyo ndani ya mpini wa upanga wake kuna kadi nyeusi. Akijua siku zake zimefika anaitoa ile kadi anamtumia rafiki yake anayempenda kuliko wote, na ile kadi maana yake njoo uniue ningali mtu. Clare anapata kadi ya Elena, waliyelala wote wakishikana mikono wakiwa watoto kwenye mafunzo, mwili unauma na ile nyama ya yoma usiku kucha. Anapanda mlima kwenda. Hawapigani, wanaongea kidogo tu wanakumbatiana. Mimi nilifunga simu nikaenda kukaa nje kibarazani, mama akaniuliza kuna msiba?

#4

Wakuu mimi nakuja na neno la tofauti na naomba lisichukuliwe vibaya. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kule mtaani kwetu kitu chochote kilichochorwa kinaitwa katuni, na katuni mzazi anajua ni ya mtoto. Berserk sio ya mtoto. Ina ubakaji, ina watoto wanaouawa, kuna kurasa mimi mtu mzima nimezifunga. Nimeianza mara mbili na mara zote mbili nimeachia pale kwenye Kupatwa, lile tukio la kutisha kuliko yote humo, mleta uzi anajua napoongelea, na sijarudi.

Sisemi Miura hakujua kuchora. Nasema uzuri wa mchoro ndo unaofanya yale mambo yaume zaidi, mchoraji wa kawaida angekuchorea ukapita. Kwa hiyo mnapowakaribisha watu waambieni ukweli kwanza, mtu ajue anaingia wapi, hasa dada zetu na watu waliopitia mambo hayo kweli.

#5 (mleta uzi)

Mwalimu shikamoo, na umesema kweli tupu, nilitakiwa kuandika hilo kule juu mwanzoni. Nasema sasa kwa kila anayepita hapa: Berserk ni ya watu wazima, sio kwa maana ya kutania, kwa maana kamili. Anayetaka upanga, mazimwi na michoro mizuri bila kuumizwa kiasi hicho aanze na Claymore ya dada wa #3, nayo ina damu nyingi ila haiendi kule.

Nami nikuambie kwanini mimi nilirudi baada ya Kupatwa. Nilikuwa nataka kujua Guts atakuwa nani. Kwa miaka anazunguka peke yake na hasira, sawa, ila mbele huko anaanza kupata watu tena bila kuwatafuta. Kamchawi kadogo Schierke, Isidro mtoto mwizi anayetaka kuwa mpiga upanga, Farnese aliyekuwa adui. Na kuna vazi la deraya analovaa linalomfanya asisikie maumivu, mifupa ikivunjika lenyewe linaishikilia kwa ndani aendelee kupigana, kila akilivaa anajipoteza kidogo, na anayemrudisha ni yule mtoto Schierke anamuita kwa jina. Kwa mtu ambaye kitabu kilimuanza anatembea peke yake kwenye tope, aisee.

#6

Habari zenu. Mimi sijawahi kusoma manga hata moja, nimevutiwa na maelezo ya fundi hapo juu. Nina maswali naomba msinicheke. Kwanza nimejaribu kufungua kurasa mbili tatu sikuelewa maneno yanaenda vipi, mtu anajibu kabla hajaulizwa. Pili kioo cha simu yangu ni kidogo. Tatu nianze wapi?

#7

Hatukucheki ndugu yangu, kila mtu alipotea hapo mwanzo. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, unaanza na fremu ya juu kulia unaelekea kushoto alafu unashuka. Kama ulikaa chuoni ukasoma msahafu mkono wako unajua tayari, jalada lenyewe liko pale ambapo wewe umezoea ni nyuma. Mimi nimesoma madrasa Tanga mpaka nimemaliza juzuu amma, nilipofungua manga ya kwanza nilijisikia nyumbani kabla sijaelewa hata neno moja.

Simu ndogo ilaze, usome nusu ukurasa nusu ukurasa. Na ukikuta mchoro umechukua kurasa mbili zilizoungana usipite, kivute na vidole viwili ukizunguke kona zote nne. Mchoraji hakutumia siku kadhaa pale ili wewe upite kwa sekunde.

Pa kuanzia nawaachia wenyewe.

#8

Dada wa #3 umenikumbusha Pieta, ule mji wa kwenye Claymore. Wapiganaji 24 wanatumwa kaskazini kwenye baridi kali kufa, wenyewe wanajua wanatumwa kufa, na saba tu ndo wanabaki, wanalala katikati ya maiti za wenzao ili waonekane nao wamekufa. Alafu wanaishi huko kwenye theluji miaka saba. Kuna mchoro wa panga zimechomekwa chini kama makaburi. Sina la kuongeza, nilikuwa napita tu.

#9

Naomba niwape kitu cha kwetu kidogo maana naona mnaumia na Guts kana kwamba hatuna wetu. Fumo Liyongo. Bibi yangu wa Lamu alikuwa anatusimulia, na utenzi wake aliuandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Jitu la vita, mshairi, mikuki na mishale haimuingii, kitu pekee kinachoweza kumuua ni sindano ya shaba ya kitovuni. Na aliyemchoma ni nani? Mwanawe wa kumzaa, kaahidiwa cheo na binti wa sultani. Hadithi ya Griffith na ya yule kijana ni mlango mmoja, mtu unayekula naye sahani moja anakuuza kwa ajili ya kiti.

Lakini hapa ndipo nataka mfike. Liyongo kachomwa usingizini, kaamka na sindano mwilini, kachukua upinde wake na mishale, akatoka mpaka karibu na kisima wanakochota maji watu wa mji, akapiga goti, akaweka mshale kwenye upinde, akavuta. Akafa hivyo hivyo. Mji mzima siku na siku hawathubutu kwenda kuchota maji wanadhani yu hai anawalenga, mpaka mama yake alipokwenda kumsihi na kumuimbia, na mwisho mwili ukaanguka wenyewe ndo wakajua.

Sasa nyie wajuzi wa fremu, niambieni, mtu angeuchora ule ukurasa vipi? Mimi tangu mtoto nauona. Goti chini, kamba imevutwa, kisima, ndoo tupu za watu kwa mbali.

#10

#9 umeniua. Mimi nachora, sio wa kulipwa, nachora usiku nikitoka kazini, na nimeanza kuuchora tangu nimesoma ulichoandika. Ngoja niseme kidogo kuhusu hiyo mistari ya mleta uzi. Nimejaribu kuiga kurasa za Berserk kwa kalamu ya Bic. Joho peke yake, kipande cha kama kiganja, kimenichukua jioni mbili. Ukichora mistari ya upande mmoja unapata kijivu, ukiikatiza na mingine ya mshazari inakoza, ya tatu ikija lazima uwe unajua nguo imekunjwa wapi, maana mstari unapaswa kupanda na mkunjo na kushuka nao. Ukikosea mmoja nguo inakuwa ubao. Na yule alikuwa na kurasa nzima nzima za hivyo, hadithi inatoka kwenye gazeti la Young Animal miaka na miaka.

Mwingine wa kuwaambia ni Takehiko Inoue na Vagabond, alianza 1998 akitoka kwenye riwaya ya Eiji Yoshikawa kuhusu Miyamoto Musashi, mpiga upanga wa kweli wa Japani ya zamani. Hiyo haina mazimwi ila siwezi kuiacha nje ya uzi wa upanga. Alianza kwa kalamu akahamia brashi, ile brashi ya wino ya kuandikia hati, na brashi haina huruma, huwezi kurekebisha mstari, ukishaupiga umeupiga, kama upanga tu. Kuna sehemu Musashi anaweka upanga chini anashika jembe kwenye kijiji chenye njaa, udongo mbovu, maji hayakai. Juzuu nzima anahangaika na udongo. Mimi mtoto wa mkulima, babu yangu mikono yake ilikuwa ileile, vidole havinyooki tena. Imefika juzuu 37 na tangu 2015 haijaendelea, na mimi sina kinyongo, nikiona pale alipoishia nasema huyu mtu apumzike atakavyo.

#11

Wakuu na Berserk yenyewe je, inaendelea au iliisha? Nasikia mwandishi alifariki.

#12 (mleta uzi)

Alifariki mkuu, tarehe 6 Mei 2021, mshipa mkubwa wa damu wa moyoni ulichanika, alikuwa na miaka 54. Sisi wasomaji tulitangaziwa tarehe 20. Nakumbuka nilikuwa kazini nikaenda kusimama koridoni. Mtu sijawahi kumuona, hajui kama nipo duniani, ila hadithi yake ilianza 1989 na mimi nimekua nayo.

Sura ya 364 ilitoka Septemba mwaka huohuo, ni ile aliyokuwa anaimalizia na wasaidizi wake wakaikamilisha. Wengi tulijua ndo mwisho. Kumbe alikuwa na rafiki yake tangu sekondari, Kouji Mori, naye mchora manga, na karibu miaka 30 nyuma Miura alishamkalisha akamsimulia hadithi yote mpaka mwisho. Juni 2022 ikarudi, wanachora wale wasaidizi wake wa Studio Gaga, Mori anasimamia, na alisema wazi ataandika yale tu aliyoambiwa na Miura, hataongeza chake.

Hebu fikiria rafiki amekusimulia usiku mmoja mkiwa vijana, umekaa na ile siri miaka 30, alafu ameondoka na umebaki wewe peke yako unayejua Guts anaishia wapi.

#13

Mimi niseme ukweli, zile sura mpya nazisoma lakini naona tofauti. Mistari ipo, deraya ipo, kila kitu kipo mahali pake, ila uso wa Guts hauniambii kitu kama zamani. Miura alikuwa anaweza kuchora mtu amenyamaza na ukajua ananyamazia nini.

#2

#13 nakuelewa ila mimi siwezi kuwahukumu wale vijana. Fundi mkuu akifa na geti liko nusu, wanaobaki wana mambo mawili, waliache nusu lipate kutu au walimalize kwa mkono wao. Weldi ya mwanafunzi utaiona tu, ukipitisha kidole unaisikia. Lakini wale wamekaa karibu na mkono wake miaka, walikuwa wanaona alipoanzia mstari. Mimi nataka wamalize. Hata kama uso hautaongea sana, nataka nimuone Guts anaweka ule upanga chini.

#13

Hapo kwenye kuweka upanga chini umenifunga mdomo fundi.

#3

Swali la #6 halijajibiwa, pa kuanzia. Mimi ningesema Claymore juzuu 1 mpaka 5 kwanza. Habari ya Teresa na Clare mdogo iko humo, kitoto kisichoongea kinamfuata mpiganaji baridi kama jiwe, anakifukuza, kinarudi, anakifukuza tena, kinamkumbatia mguu. Usianze na ile anime, yaani katuni ya video, ya 2007, ina vipindi 26 na mwisho wake ni wa kwake, manga ilikuwa bado haijaisha. Soma. Kwa Kiingereza wanaichapa VIZ, na Berserk ni Dark Horse, mnaoweza kununua hata juzuu moja nunueni.

#5 (mleta uzi)

#6 mimi sitabishana na dada, anza na Claymore. Ila siku ukiwa tayari kwa Berserk, na umesoma alichosema mwalimu na umekubali, fanya hivi. Juzuu tatu za kwanza zivumilie, Miura mwenyewe alikuwa bado anautafuta mkono wake. Kuanzia pale hadithi inaporudi utotoni kwa Guts punguza mwendo. Kuna mahali utafika, kilimani, asubuhi, theluji, Guts anataka kuondoka kwenye Kundi la Mwewe na Griffith hataki, wanachomoa panga. Usisome maneno ya pale haraka, na kwa kweli maneno ni machache. Ukifika hapo rudi hapa utuandikie.

#4

Nami nimeamua narudi mara ya tatu, ila nitasoma mchana, sio usiku. Mchoraji wa #10 tuwekee Liyongo ukimaliza.

#10

Bado mwalimu. Mwili nimeupata, goti nimelipata. Kamba ya upinde inanishinda. Nataka mtu akiangalia asijue kama yule mtu kafa au yu hai, na yote iko kwenye vile vidole viwili vilivyoshika mshale. Nimechora vidole vile karibu mara arobaini.

#9

Chora taratibu mwanangu. Wale watu wa kisimani walisubiri siku nyingi, na sisi tutasubiri.

#6

Wakuu nimerudi, ni mimi yule wa kioo kidogo. Claymore nimesoma mpaka juzuu ya 11 nikasimama kwanza, nikaingia Berserk.

Nimefika kwenye theluji.

Nilikuwa kwenye gari natoka kazini. Nilikuwa nimeilaza simu kama mlivyosema, nusu ukurasa nusu ukurasa. Wanasimama wanatazamana, wenzao wamesimama pembeni hakuna anayesema kitu, na mimi nikawa nadhani zitafuata kurasa kumi za mapigano. Pigo moja. Upanga wa Griffith umevunjika, na wa Guts umesimamia begani kwa mwenzake, Guts kauzuia mwenyewe usimkate. Alafu Griffith yuko kwenye magoti. Yule mtu ambaye tangu nimeanza kusoma sijawahi kumuona hata nywele zake zimekaa vibaya, yuko magotini kwenye theluji anatazama chini, na Guts anampita.

Fundi, niliangalia mguu kwanza. Kweli mguu ndo ulianza.

Nimekaa pale kwenye fremu moja nairudia na vidole viwili, kona hii kona ile, konda akaniambia kaka hapa ni mwisho wa gari.